Kufunga pete na mrija wa metali kwenye pembe ya kiko: mwongozo kwa mafundi wa Nyanda za Juu Kusini

Kiko cha pembe kikirudishwa kwa fundi, mara nyingi bakuli ni zima na mdomo ni mzima. Kilichoharibika ni pale metali ilipokutana na pembe. Pete imelegea na inazunguka, au pembe imechanika mstari mrefu kuanzia mrija ulipoingia. Mteja analaumu gundi. Fundi naye analaumu gundi, ananunua ya bei kubwa zaidi, na kiangazi kinachofuata kiko kinarudi kilekile. Mimi nasema gundi inasingiziwa. Kinachoamua uhai wa kiungo ni unyevu uliokuwa ndani ya pembe siku ile ulipoifunga, na huo fundi anaweza kuutawala bila gharama yoyote zaidi ya subira.

Mwongozo huu unahusu kiko chenye shina la pembe ya ng'ombe, bakuli la mti mgumu au udongo, pete ya shaba kwa nje na mrija mfupi kwa ndani. Mbinu hizihizi zinafaa kwa mpini wa kisu na kichwa cha bakora. Tumbaku inaua, na anayetengeneza viko hana haja ya kumficha mnunuzi ukweli huo. Ninachofundisha hapa ni kazi ya mikono.

Tabia ya pembe

Pembe ya ng'ombe ni keratini, kitu kilekile kilichomo kwenye kucha, kwato na nywele. Hunyonya unyevu wa hewa ikavimba, huutoa ikasinyaa. Shaba haijui masika wala kiangazi, hubaki palepale.

Sasa angalia viungo viwili vya kiko. Pete imekaa nje ya pembe, mrija umekaa ndani ya tundu. Pembe ikisinyaa, unene wake unapungua na pete inalegea. Wakati huohuo tundu nalo linapungua, linaukaba mrija ambao hauwezi kukabwa, na kwa kuwa nyuzi za pembe zimelala kwa urefu, pembe inachanika kwa urefu. Pembe ikivimba, hali inageuka: pete inabana zaidi, tundu linapanuka kidogo sana na mrija unapata nafasi. Kusinyaa ndiko kunakovunja kazi. Basi funga pembe ikiwa imefika kwenye ukavu wake wa mwisho, ili mabadiliko yote yatakayokuja baadaye yawe ya kuvimba.

Kwetu jambo hili lina uzito kuliko sehemu nyingi, maana tunaishi karibukaribu na tofauti kubwa za hewa. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na huko hata chumvi mezani hailali kavu. Ukishuka Usangu, au ukatoka Iringa mjini kwenda Pawaga, unakuta hewa ya kukausha midomo. Kiko kilichofungwa Tukuyu mwezi Machi na kuuzwa kwa mtu wa Pawaga kitalegea au kitachanika kabla ya Novemba, hata ukikipaka gundi gani. Miezi ya kufunga metali kwenye pembe ni Julai hadi Oktoba. Miezi ya mvua itumie kukata, kunyoosha, kuchora na kuandaa pete.

Kupata pembe na kuikausha

Machinjioni pembe hutupwa au huuzwa kwa bei ndogo. Chagua ya ng'ombe aliyekomaa, yenye ncha nzito. Sehemu ya chini, ile iliyoshika kichwa cha ng'ombe, imejaza mfupa ndani na ukiutoa inabaki uwazi. Sehemu ya ncha ni pembe tupu mpaka katikati, na hiyo ndiyo ya kiko. Pitisha waya ndani ya uwazi uone unaishia wapi, kata hapo kwa msumeno wa chuma, na kipande cha chini kipeleke kwa watengeneza vifungo na vijiko.

Usishawishike na pembe za porini. Huku karibu na Ruaha mtu anaweza kukuletea pembe ya tandala au pofu na kukuambia ameiokota. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, inahesabu pembe hiyo kuwa nyara, na kuwa nayo bila kibali ni kosa hata kama mnyama alikufa mwenyewe. Ya ng'ombe inatosha, na ikishang'arishwa ni nzuri vilevile.

Osha kipande kwa sabuni kuondoa mafuta, kikate kwa ukubwa unaokaribia wa mwisho, kisha kiweke kivulini penye upepo. Usikianike juani wala juu ya jiko, kwa sababu nje itakauka kabla ya ndani na nyufa zitaanza siku hiyohiyo. Namna ya kujua kimekauka ni kukipima kwenye mizani ndogo ya jikoni, ile inayosoma gramu. Andika uzito kwa penseli juu ya pembe yenyewe. Pima tena kila wiki. Uzito ukikaa bila kubadilika kwa wiki mbili au tatu mfululizo, na ni kiangazi, pembe iko tayari. Mkulima haweki mahindi ghalani kwa kuyatazama tu, huyauma ayasikie. Mizani ndiyo meno ya fundi wa pembe.

Mwenye oda ya haraka wakati wa mvua afunge pembe ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu, vingi iwezekanavyo, vikiwa vimekaushwa kwanza kwa joto dogo. Mizani hiyohiyo itasema lini umalize. Inachukua muda, lakini inafanya kazi.

Kunyoosha, kama ni lazima

Ncha nyingi zimejikunja. Kunyoosha hufanyika kabla ya kutoboa na kabla ya kukausha kwa mwisho. Chemsha kipande kwenye maji mpaka joto lipenye, kitoe kwa koleo, kinyooshe kati ya mbao mbili ndani ya jiliwa na ukiache hapo kipoe kabisa. Ukikitoa kikiwa na uvuguvugu kinarudi kilivyokuwa. Moto wa wazi unafanya kazi haraka zaidi, ila unaunguza ngozi ya juu na kuacha madoa meupe yasiyotoka. Baada ya kuchemsha, rudi kwenye mizani upya, maana umekinywesha maji.

Kutoboa

Bana pembe kwenye jiliwa lenye vipande vya ngozi au mbao laini kila upande. Anza na tundu la moshi, biti ya milimita 4, kwa mwendo wa taratibu, ukitoa biti nje kila baada ya sentimita moja ili unga utoke. Ukisikia harufu ya nywele zinazoungua, umekwenda kasi. Pembe iliyoungua ndani ya tundu haishiki gundi, na harufu yake haitoki kwenye kiko. Kekee ya mkono ni salama kuliko drili ya umeme kwa anayeanza, kwa sababu haiwezi kupata kasi ya kuunguza.

Kisha panua mdomo wa tundu upande wa bakuli ili upokee mrija. Tuseme mrija ni wa milimita 8 kwa nje: toboa kwa biti ya 8 mpaka kina cha milimita 15 na usimame hapo. Zungushia biti kipande cha gundi ya karatasi, yaani utepe wa karatasi unaonata, kukuonyesha kina. Pembe pale iwe na unene wa angalau milimita 16, la sivyo ukuta utakaobaki utakuwa mwembamba mno. Tundu hili lazima liwe katikati na liwe wima. Likipinda kidogo tu, pete na shina havitakaa mstari mmoja na hakuna msasa utakaoficha hilo.

Vaa barakoa wakati wote wa kutoboa na kupiga msasa. Unga wa pembe ni mwepesi na unakaa kifuani.

Metali ipi iwe wapi

Kwa pete ya nje, shaba ya njano au shaba nyekundu zote ni nzuri. Koki za maji zilizochakaa na viungio vya mabomba hutoa shaba ya njano nene, na wauza vyuma chakavu wa Mwanjelwa jijini Mbeya au sokoni Iringa wanazo. Hakikisha kwa sumaku: ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba.

Kwa mrija wa ndani nashauri alumini au chuma kisichoshika kutu. Moshi wa tumbaku unaacha majimaji machungu yenye asidi, na shaba ikikaa nayo hutoa ukungu wa kijani ambao hautakiwi karibu na pumzi ya mtu. Antena za zamani za televisheni, zile zinazosimikwa juu ya bati, zina vijiti vya mrija wa alumini ambavyo vingine vinafaa kabisa. Chukua kipimo kabla ya kununua biti, usinunue biti kwanza.

Kutengeneza pete

Ukipata bomba la shaba lenye kipenyo unachotaka, kata kipande cha milimita 10 kwa msumeno wa meno madogo, ulainishe kingo kwa tupa, kazi imekwisha.

Usipopata, kunja pete kutokana na bati la shaba la unene wa milimita 1. Wengi hukosea urefu wa ukanda kwa sababu wanapima kipenyo cha pembe peke yake na kusahau kwamba metali nayo ina unene. Kanuni ni hii: chukua kipenyo cha ndani, ongeza unene wa bati mara moja, kisha zidisha kwa 3.14. Pete ya kipenyo cha ndani cha milimita 14 kwa bati la milimita 1 inahitaji ukanda wa 15 × 3.14, yaani milimita 47 na kidogo. Kata 47.5, upige tupa mpaka ncha zikutane bila kuona mwanga kati yake.

Shaba iliyokunjwa inakuwa ngumu. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu ya kufifia, uizamishe kwenye maji, italainika na kukubali umbo. Kisha unganisha ncha kwa lehemu ya fedha na boraksi, ule unga unaosaidia lehemu kutiririka na kushika. Kama huna tochi ya gesi, ipeleke kwa fundi wa friji. Yeye huunga mirija ya shaba kila siku na atakufanyia kwa dakika chache. Usitumie lehemu ya risasi kwenye kitu chochote cha kiko. Fanya kazi hiyo penye upepo, maana shaba ya njano ina zinki, na ikichomwa kupita kiasi moshi wake mweupe unaleta homa.

Maliza moto wote kabla pete haijaiona pembe. Kulehemu pete ikiwa imeshavishwa ni kuiunguza pembe chini yake.

Kukata bega

Pete ikae kwenye bega lililokatwa, ili uso wake na uso wa pembe viwe sawa ukipitisha kidole. Zungusha gundi ya karatasi kuzunguka pembe milimita 10 kutoka ukingoni. Kata kwa msumeno mwembamba kufuata ukingo wa karatasi, kina chini kidogo ya milimita 1, halafu ondoa pembe kwa tupa bapa kuanzia ukingoni kuelekea kwenye mkato. Zungusha pembe huku ukipiga, usisimame upande mmoja. Kuumalizia mviringo, kata msasa namba 120 uwe ukanda na uuvute huku na huku kuzunguka bega.

Jaribu pete kila baada ya mizunguko michache. Inapotakiwa, inaingia kwa kusukumwa na kidole gumba bila nyundo, na ikigeuzwa haidondoki yenyewe. Hapo kuna nafasi ya gundi isiyofika unene wa karatasi ya daftari, na hiyo inatosha.

Kuna mafundi wanaopenda kupasha pete moto ipanuke, kuivisha, na kuiacha ipoe ibane. Kwa gurudumu la mkokoteni ni njia ya uhakika. Kwa pete ya kiko hesabu inaikataa: shaba ya njano ya milimita 14 ukiipandisha joto kwa nyuzi 80 inapanuka takriban milimita 0.02, moja ya tano ya unene wa karatasi. Hutapata mbano wa maana, na ukizidisha moto ili upate zaidi, pembe inaungua.

Kuandaa nyuso na kubandika

Hapa ndipo pa kutumia muda. Gundi haishiki uso unaong'aa wala uso wenye mafuta, na pembe ina mafuta yake ya asili hata ikiwa kavu. Kwaruza ndani ya pete kwa msasa namba 120 mpaka mng'ao wote uishe. Kwa ncha ya tupa ya pembetatu, chora mifereji miwili au mitatu kuzunguka bega la pembe, na mikwaruzo inayokatiza ndani ya pete. Gundi ikijaa kwenye mifereji hiyo na kukauka, inakuwa kufuli hata kama imeachia uso. Fanya vivyo hivyo kwenye nusu ya mrija itakayoingia kwenye pembe. Kisha futa vyote kwa pamba yenye spiriti, subiri vikauke, na usiguse tena kwa vidole.

Gundi ni epoksi ya mirija miwili, ile inayochukua saa 24, siyo ya dakika tano. Ya dakika tano huanza kulainika kwa joto dogo na haivumilii unyevu kama nyingine. Supagluu ni ngumu na inakatika kama kioo pembe inapotembea, kwa hiyo iache kwa kazi nyingine. Changanya kwa uwiano ulioandikwa kwenye boksi, koroga kwa dakika mbili nzima, na paka safu nyembamba pande zote mbili.

Kabla ya kusukuma mrija ndani, pitisha kijiti kilichopakwa nta ya nyuki kwenye tundu la moshi ili gundi isizibe njia. Sukuma mrija ukiuzungusha. Nusu yake, milimita 15, ibaki nje. Nusu hiyo ndiyo itakayoingia kwenye shina la bakuli bila gundi, ili mvutaji aweze kukifungua kiko na kukisafisha. Vua kijiti baada ya saa moja au mbili, gundi ikiwa imeanza kushika lakini haijawa jiwe. Pete nayo ivishe kwa kuizungusha, futa gundi iliyotoka kwa pamba yenye spiriti, na ufunge kwa mpira wa baiskeli.

Jihadhari na baridi. Njombe, Makambako na Mafinga usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na epoksi ikilala kwenye baridi hiyo hubaki laini kama ubani wa kutafuna. Ilaze kazi kwenye chumba chenye watu, mbali na moto wa moja kwa moja, na uipe siku mbili badala ya moja.

Msumari mmoja

Pete ya kiko kitakachotumika kila siku naongezea msumari wa waya wa shaba wa milimita 1.5. Gundi ikishakauka, toboa kupitia pete na kuingia milimita 2 tu kwenye pembe, usifikie mrija. Tia tone la epoksi, gonga waya ndani, ukate na kuusawazisha kwa tupa. Uwe mmoja. Ukiweka miwili inayotazamana, umeifunga pembe pande zote mbili na hujaiachia njia ya kutembea, na ufa utaanzia kwenye mojawapo.

Kusawazisha na kung'arisha

Metali ni ngumu, pembe ni laini. Ukishika msasa kwa vidole, pembe italiwa na pete itabaki imetokeza kama kovu. Zungushia msasa kwenye kijiti bapa kigumu na upige vyote kwa pamoja, kutoka namba 180, kisha 320, 600 na 1200. Kama pembe yako ni nyeupe au ya rangi ya asali, ifunike kwa gundi ya karatasi unapokwaruza pete, kwa sababu unga wa shaba huingia kwenye vinyweleo vya pembe na kuacha weusi. Mwishoni dawa ya meno kwenye kitambaa cha pamba huleta mng'ao mzuri, na nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya nazi kidogo hupunguza kasi ya pembe kunywa na kutoa unyevu. Nta ya Mufindi ni safi na haina gharama kubwa.

Kuunga na bakuli

Moto wa tumbaku unapita nyuzi 500, na pembe inalainika kwa joto la maji yanayochemka tu. Kwa hiyo pembe isikaribie bakuli. Acha angalau sentimita 3 za mti au udongo kati ya chumba cha tumbaku na pete. Mafundi wa Ulaya hutumia kifundo kigumu kinachoota kati ya mizizi na shina la mti wa *Erica arborea* kwa bakuli. Sisi mzeituni wa porini uliokauka vizuri unafaa. Anayependa udongo aongee na akina mama wafinyanzi wa Kikisi, pale Ikombe na Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Wana mkono wa kutengeneza vitu vidogo vyenye ukuta sawasawa, na watakufinyangia bakuli ukiwapelekea mfano wa mti.

Tundu la shina lipokee mrija kwa kubana kwa mkono. Likilegea, paka mrija nta. Mwambie mnunuzi asikifungue kiko kikiwa cha moto.

Ukiletewa pembe ya kulungu wa nchi za baridi

Mgeni anaweza kukuletea pembe zile zenye matawi, zinazodondoka kila mwaka. Kulungu wetu wa msituni hadondoshi pembe, na kitu hiki ni tofauti kabisa na pembe ya ng'ombe: ni mfupa, mgumu kwa nje, na katikati una vitundu kama sifongo. Haunyooshwi kwa maji ya moto. Epoksi hunywewa na vile vitundu, hivyo paka kwanza safu nyembamba, iache ikauke, kisha ukwaruze na kubandika kwa safu ya pili. Tundu la moshi liwekewe mrija kwa urefu wote, maana sifongo ile hunywa majimaji ya tumbaku na kunuka daima. Kanuni ya ukavu inabaki ileile.

Pete ikilegea

Usidondoshee gundi ukingoni. Haifiki ndani, na inakuzuia kurekebisha vizuri baadaye. Kama uliweka msumari, utoe kwanza kwa biti ndogo. Gusa pete kwa ncha ya chuma cha kulehemu kilichopata moto, ukiizungusha pande zote, mpaka epoksi ya zamani ilainike, kisha ivute kwa kuizungusha na kitambaa. Kwangua gundi yote. Weka pembe kivulini na uipime mpaka uzito usimame. Kama baada ya kukauka pete imekuwa kubwa kwa zaidi ya unene wa karatasi, usiijaze kwa gundi. Ikate, punguza ncha, uilehemu upya mbali na pembe, ndipo urudi kwenye msasa namba 120 na spiriti.